Mabadiliko ya jeni: maswali na majibu kuhusu tunachorithi, tunachopata na lawama zisizo na msingi

Mtoto akizaliwa na selimundu, ualbino au hali ambayo haijawahi kuonekana kwenye ukoo, maneno huanza kabla majibu ya vipimo hayajarudi. Mama alikula nini? Nani kamroga? Ukoo gani una mkosi? Maneno hayo yamevunja ndoa na kuwaacha wanawake wakibeba aibu isiyo yao, ilhali kinachoelezwa na sayansi hakina mkosi ndani yake wala mkosaji. Majibu yafuatayo ni kwa yeyote aliyewahi kuuliza maswali hayo, au kuulizwa.

Badiliko la jeni ni kitu gani hasa?

Karibu kila seli ya mwili ina nyuzi ndefu za DNA, ambazo wengi wetu tunaziita vinasaba. Nyuzi hizo zimejengwa kwa kemikali nne zinazofuatana kwa mpangilio maalumu, nazo huandikwa kwa kifupi A, T, G na C. Kila mtu hurithi herufi bilioni 3 hivi kutoka kwa baba na karibu idadi hiyohiyo kutoka kwa mama, zikiwa zimefungashwa kwenye kromosomu 46. Jeni ni kipande cha uzi huo chenye maelekezo ya kazi fulani, mara nyingi maelekezo ya kutengeneza protini. Jeni za namna hii tunazo takriban 20,000.

Badiliko la jeni ni tofauti inayoingia kwenye mpangilio huo na kubaki. Huenda herufi moja imekaa mahali pa nyingine. Huenda herufi imedondoka au imeongezeka, kipande kimejirudia au kimehamia kromosomu nyingine. Wakati mwingine kromosomu nzima imezidi au imepungua.

Hakuna binadamu asiye na mabadiliko. Mtoto yeyote, hata aliye na afya tele, huzaliwa na mabadiliko mapya 60 hadi 70 hivi ambayo wazazi wake hawana katika seli zao za kawaida. Mengi ya hayo huangukia sehemu za DNA ambako hayagusi kitu, na mtu huishi nayo hadi uzeeni bila kujua.

Herufi moja tu kati ya mabilioni inawezaje kumlaza mtu hospitalini?

Hapa inabidi tusogee karibu kabisa. Protini hujengwa kwa kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine, na seli husoma herufi za jeni tatu tatu. Kila tatu hutaja asidi amino moja. Chukua jeni ya beta-globini iliyoko kwenye kromosomu ya 11. Inatoa maelekezo ya sehemu ya hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Karibu na mwanzo wake herufi zimekaa hivi:

CCT GAG GAG AAG TCT

Tazama GAG ya kwanza. Inaagiza asidi amino iitwayo glutamati. Sasa angalia mambo manne yanayoweza kuipata.

La kwanza, A ya katikati igeuke T. GAG inakuwa GTG, na badala ya glutamati inaingia valini. Hiyo ndiyo selimundu, na hemoglobini hiyo huitwa S. Vernon Ingram alionyesha mwaka 1956 kwamba hemoglobini ya wagonjwa hawa inatofautiana na ya wengine kwa kipande hicho kimoja. Glutamati hupenda maji, valini huyakwepa, kwa hiyo hemoglobini ikishaachia oksijeni, molekuli zake hunatana na kujipanga kama nyuzi ngumu. Nyuzi hizo huivuta chembe nyekundu hadi ikapinda umbo la mundu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Iliyopinda huishi siku 10 hadi 20, ndiyo maana damu hupungua kila mara. Na kwa kuwa haipiti kirahisi kwenye mishipa midogo, huiziba. Maumivu makali ya mifupa, kiharusi kwa mtoto mdogo, bandama iliyokufa na maambukizi yanayofuata, yote yanaanzia kwenye herufi hiyo.

La pili, igeuke G ya mwanzo, GAG iwe AAG. Sasa inaingia lisini, na hemoglobini inayopatikana inaitwa C. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili kwa kawaida hupata upungufu wa damu usio mkali na bandama iliyovimba kidogo. Lakini mwenye C kwa mzazi mmoja na S kwa mwingine anaumwa ugonjwa wa selimundu, na anahitaji kliniki kama wagonjwa wengine.

La tatu, igeuke G ya mwisho, GAG iwe GAA. Herufi hizi nazo zinaagiza glutamati. DNA imebadilika, protini ni ileile, na mtu haumwi chochote.

La nne, A isigeuke bali idondoke kabisa. Kwa kuwa seli inasoma tatu tatu bila kuruka, kila kinachofuata kinasogea nafasi moja:

CCT GGG AGA AGT CT

Maelekezo yameharibika kuanzia hapo kwenda mbele, na jeni hiyo haitoi beta-globini inayofaa. Mtoto aliyerithi jeni mbili za aina hii hupata talasemia ya beta, yaani upungufu wa damu wa kurithi, na wengi wao huhitaji kuongezewa damu maisha yao yote.

Yote manne yametokea ndani ya herufi tatu zilezile. Ndiyo maana mtu akisema tu kwamba fulani ana badiliko la jeni, bado hajakuambia kitu. Uliza: jeni gani, mahali gani, na limebadilisha nini?

Mabadiliko haya yanatoka wapi?

Chanzo kikubwa ni kunakili. Kila seli inapogawanyika inatakiwa kunakili herufi zake zote, zaidi ya bilioni 6. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo hukosea, kisha hurudi nyuma na kusahihisha, na baada yake hupita protini nyingine zinazokagua upya. Mwishoni hubaki kosa moja hivi kwa kila herufi bilioni moja, au pungufu ya hapo. Ni usahihi wa kustaajabisha, ila seli zetu ni matrilioni na hugawanyika kila siku, kwa hiyo makosa hayakosekani. Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015 kwa kueleza jinsi seli inavyokarabati DNA yake.

Chanzo kingine kinatoka nje ya mwili. Mwaka 1927 Hermann Muller alionyesha kuwa eksirei huzalisha mabadiliko ya jeni kwa inzi wa matunda. Mionzi ya urujuanimno ya jua hugandisha pamoja herufi zilizo jirani, hasa T na T, na seli ikijaribu kunakili hapo hukosea. Kemikali za moshi wa tumbaku hujibandika kwenye G, na mara nyingi G hiyo hunakiliwa kama T. Sumukuvu, ile sumu ya fangasi wanaoota kwenye nafaka na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, hufanya kazi kwa njia inayofanana na hiyo ndani ya ini. Kati ya wagonjwa wa saratani ya ini wanaotoka maeneo yenye sumukuvu nyingi, mara kwa mara hukutwa badiliko lilelile, mahali palepale, kwenye jeni iitwayo TP53 inayozuia seli kugeuka saratani. Ukiacha sigara, ukajikinga na jua kali na ukakausha nafaka vizuri kabla ya kuihifadhi, unalinda DNA yako kwa vitendo.

Sisi wazazi ni wazima. Mtoto amepata wapi ugonjwa, na ni kosa la nani?

Si kosa la yeyote. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumizana.

Kila jeni, isipokuwa baadhi ya zile za kromosomu za jinsia, tunayo mara mbili: nakala ya baba na nakala ya mama. Kwa magonjwa mengi ya kurithi, nakala moja nzima inatosha kufanya kazi. Mwenye nakala moja yenye badiliko la selimundu, yaani AS (hapa A ni hemoglobini ya kawaida), kwa kawaida haumwi na huenda asijue kamwe. Wakikutana baba AS na mama AS, kila mimba ina uwezekano wa robo kuwa SS, yaani mgonjwa, nusu kuwa AS kama wao, na robo kuwa AA. Zingatia hilo neno *kila mimba*. Kupata mtoto mmoja mgonjwa hakumaanishi watatu wanaofuata wamesalimika, na kupata watoto watatu wazima hakumaanishi wa nne lazima augue. Robo inaanza upya kila mara.

Ili mtoto awe SS, anahitaji S ya baba na S ya mama. Ualbino nao huja hivyohivyo: mtoto amepokea kwa kila mzazi nakala isiyofanya kazi ya jeni inayohusika na kutengeneza melanini, rangi ya ngozi, nywele na macho. Baba anayemfukuza mke wake kwa kuzaa mtoto mwenye ualbino, akisema huyu si damu yangu, anapingana na elimu yenyewe. Mtoto huyo kwa kawaida amepata nusu ya hali yake kwa baba.

Kuna magonjwa yanayopita kwenye kromosomu ya X, kama hemofilia, ambapo damu haigandi upesi. Mwanaume ana X moja tu, kwa hiyo badiliko likiwepo hana nakala ya pili ya kumsaidia. Mama mbebaji anaweza kuwa na dalili ndogo au asiwe nazo kabisa, na watoto wake wa kiume wakaugua. Hata hapa tusikimbilie kumnyooshea mama kidole. Karibu theluthi ya visa vya hemofilia kali ni mabadiliko mapya, yasiyokuwepo kwenye ukoo.

Na hayo mabadiliko mapya ndiyo jibu la familia nyingi zinazosema "kwetu hakuna kitu kama hiki". Akondroplasia, hali inayosababisha kimo kifupi chenye mikono na miguu mifupi, ni mfano mzuri. Takriban watoto 8 kati ya 10 wenye hali hiyo huzaliwa na wazazi wenye kimo cha kawaida. Badiliko limetokea upya kwenye jeni iitwayo FGFR3, na karibu kila mara linatoka kwenye mbegu ya baba. Mbegu za kiume hutengenezwa maisha yote, kunakili juu ya kunakili, kwa hiyo umri wa baba ukisonga mabadiliko huongezeka kwa moja hadi mawili hivi kila mwaka. Hilo nalo si la kumlaumu baba. Hakuna anayechagua herufi gani ikosewe.

Je, ndoa za ndugu huleta mabadiliko? Haziyaundi. Ila watu wa ukoo mmoja wana uwezekano mkubwa wa kubeba badiliko lilelile lililojificha, na wakizaa pamoja nakala mbili hukutana kirahisi zaidi.

Na ugonjwa wa Down?

Hapa halijabadilika neno moja la maelekezo. Imezidi kromosomu nzima. Jérôme Lejeune na wenzake walitangaza mwaka 1959 kwamba watoto wenye Down, ambao hukua na kujifunza polepole, wana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili. Mara nyingi kosa hutokea yai linapogawana kromosomu. Mayai ya mwanamke huanza mgawanyo huo yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha husubiri miaka mingi, na kusubiri huko ndiko kunakoongeza makosa. Kwa mama wa miaka 20 uwezekano ni mtoto mmoja hivi kati ya 1,500. Kwa mama wa miaka 40 ni mmoja hivi kati ya 100. Bado watoto wengi wenye Down huzaliwa na kina mama walio chini ya miaka 35, kwa kuwa wao ndio wanaozaa zaidi. Hakuna chakula, huzuni wala kazi nzito ya wakati wa ujauzito inayosababisha hali hii.

Saratani ni ugonjwa wa kurithi?

Saratani yote ni ugonjwa wa jeni, lakini sehemu kubwa hairithiwi. Tofauti iko kwenye seli iliyobadilika. Badiliko lililo ndani ya yai au mbegu huenda kwa mtoto na kuwa katika kila seli yake. Badiliko lililotokea kwenye seli ya pafu la mtu mzima linabaki hapo, na atakufa nalo bila kumpa mwanawe.

Saratani huanza pale seli moja inapokusanya mabadiliko kadhaa kwa miaka: moja linaifanya igawanyike bila kuambiwa, lingine linaizuia kufa inapoharibika, lingine linavuruga ukarabati wa DNA. Ndiyo maana saratani nyingi ni za umri mkubwa. Takriban visa 5 hadi 10 kati ya 100 ndivyo vinavyotokana na badiliko kubwa la kurithi. Linalojulikana zaidi ni la jeni ya BRCA1. Mary-Claire King alionyesha mwaka 1990 kuwa iko kwenye kromosomu ya 17, wakati wengi walikuwa hawaamini kwamba saratani ya matiti inaweza kufuatiliwa hadi kwenye jeni moja. Mwanamke mwenye badiliko hatari la BRCA1 ana uwezekano wa zaidi ya nusu kupata saratani ya matiti maishani mwake. Wanaume hulibeba pia na kuwapa mabinti zao, jambo linalosahaulika kila wakati wataalamu wanapouliza historia ya ukoo: swali lihusu upande wa baba pia.

Ukiwa na badiliko baya, lazima uugue?

Mara nyingi mazingira ndiyo yanayoamua. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD unawahusu watu karibu milioni 400 duniani, na wengi wao hawana dalili yoyote siku hadi siku. Wakimeza baadhi ya dawa, mfano primakwini ya malaria, chembe nyekundu zinaweza kupasuka kwa wingi, mkojo ukawa wa rangi ya chai nzito na damu ikashuka ghafla. Mtu huyohuyo asipokutana na dawa hiyo anaweza kuishi bila tatizo. Ukishaambiwa una upungufu huu, mtajie kila daktari na kila mfamasia anayekuandikia dawa.

Fenilketonuria ni mfano mwingine. Mtoto hawezi kuvunjavunja asidi amino iitwayo fenilalanini, inarundikana na kuharibu ubongo. Akigunduliwa siku za mwanzo kwa tone la damu ya kisigino na kupewa lishe maalumu, hukua na akili timamu. Jeni yake haikuguswa. Kilichobadilika ni chakula.

Kuna mabadiliko yenye faida?

Yapo, na moja la ajabu ni lile la selimundu lenyewe. Mwaka 1954 Anthony Allison alichapisha ushahidi kutoka Afrika Mashariki kwamba watu wenye AS hawashambuliwi na malaria kwa ukali kama wenye AA. Mahali palipo na malaria kali, watoto wa AS walinusurika zaidi, wakakua, wakazaa na kurithisha S. Jeni hiyo imebaki na kuenea kwa sababu iliokoa maisha kwa vizazi vingi, na bei ya wokovu huo wanailipa watoto wa SS. Hii ndiyo sababu naona si haki kuiita jeni ya mkosi.

Watu wengi duniani hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa wanapotoka utotoni. Jamii za wafugaji wa Ulaya, Uarabuni na Afrika Mashariki zilipata, kila moja kivyake, mabadiliko tofauti yanayoiacha jeni ya laktasi, kimeng'enya kinachovunja sukari hiyo, ikifanya kazi hadi uzeeni. Baadhi ya watu wana badiliko linalozima jeni ya PCSK9. Lehemu (kolesteroli) mbaya yao iko chini na magonjwa ya moyo huwapata kwa nadra, na kwa kuwachunguza wao zimetengenezwa dawa za kushusha lehemu. Na waliorithi nakala mbili za badiliko liitwalo delta 32 kwenye jeni ya CCR5 hawaambukizwi kirahisi aina nyingi za VVU, kwa kuwa virusi hivyo hukosa kitasa cha kuingilia kwenye seli.

Kwa wanyama na mimea mambo ni yaleyale?

Ni yaleyale. Nondo mmoja wa Uingereza, mweupe mwenye madoa, alipata kipande cha DNA cha herufi karibu 22,000 kilichojipachika kwenye jeni iitwayo cortex, akawa mweusi. Viwanda vya makaa ya mawe vilipofunika miti kwa masizi, ndege walimwona mweupe upesi wakamla, weusi wakajaa. Hewa iliposafishwa weupe wakarudi. Tembo wana nakala zipatazo 40 za jeni ya TP53 ambapo binadamu ana mbili, na hiyo ni moja ya sababu zinazotajwa kwa nini mnyama mwenye seli nyingi hivyo hapati saratani sana. Wakulima nao wamepanda mabadiliko kwa muda mrefu. Aina zaidi ya 3,000 za mazao zimepatikana kwa kupiga mbegu mionzi au kemikali, kisha kuchagua miche iliyo bora.

Usugu wa dawa unahusianaje na haya?

Unahusiana moja kwa moja. Bakteria hunakili DNA yake kila anapogawanyika, naye hukosea. Salvador Luria na Max Delbrück walionyesha mwaka 1943 kwamba mabadiliko ya bakteria hutokea yenyewe, kabla hawajakutana na kinachowaua. Dawa haiwafundishi usugu. Inawaua wenzao na kuwaachia nafasi waliokuwa tayari sugu.

Chukua kifua kikuu. Kati ya bakteria milioni 100 hivi, mmoja huwa na badiliko kwenye jeni ya rpoB linalomkinga dhidi ya rifampisini. Pafu lenye tundu la TB linaweza kuwa na bakteria wengi kuliko hao, kwa hiyo mgonjwa akipewa dawa hiyo peke yake, walio sugu wamo tayari. Lakini kumpata bakteria mmoja mwenye mabadiliko mawili ya dawa mbili tofauti kwa wakati mmoja ni karibu muhali. Ndiyo sababu unapewa vidonge vya dawa kadhaa pamoja, na ndiyo sababu kuchagua kimoja na kuacha kingine, au kuacha dozi mara kikohozi kikitulia, ni hatari kwako na kwa unaolala nao chumba kimoja. Kipimo cha kisasa cha makohozi cha GeneXpert hutafuta badiliko hilohilo la rpoB, na majibu hupatikana ndani ya saa mbili hivi mashine ikishaanza kazi.

Vimelea vya malaria vyenye mabadiliko kwenye jeni ya kelch13 huchelewa kufa kwa artemisinini, dawa kuu ya malaria. Virusi vya UVIKO-19 navyo vilibadilika mbele ya macho yetu, Delta kisha Omicron, kwa kuwa kila maambukizi ni fursa ya kunakili upya.

Chanjo au chakula vinaweza kubadilisha jeni zangu?

Hapana. Chanjo za mRNA (nakala ya muda ya maelekezo ya kutengeneza protini), kama baadhi ya zile za UVIKO-19, haziingii kwenye kiini cha seli ambako DNA iko, na mRNA yenyewe huvunjwa baada ya muda mfupi. DNA ya chakula, kiwe cha kienyeji au kilichobadilishwa maabara, humeng'enywa tumboni. Hata bomu la atomiki halikuthibitisha hofu nyingine tuliyo nayo, kwamba mionzi iliyompiga mzazi humrithisha mtoto magonjwa: manusura wa Hiroshima na Nagasaki walipata lukemia (saratani ya damu) na saratani nyingine zaidi ya kawaida, lakini kwa watoto waliotungwa mimba baadaye, tafiti za miongo mingi hazikuona ongezeko la magonjwa ya kurithi.

Badiliko la jeni linatibika?

Kwanza tusidharau tiba za kawaida. Mtoto mwenye selimundu akitambuliwa mapema, akapewa penisilini ya kinga kuanzia umri wa miezi miwili hadi miaka mitano kwa maelekezo ya kliniki, akachanjwa na kupewa haidroksiurea, maisha yake hubadilika kabisa. Haidroksiurea huamsha hemoglobini ya kichanga, ile anayoitumia mtoto tumboni, ambayo haina tatizo la S. Ndiyo hiyohiyo inayomfanya mtoto wa SS asioneshe dalili katika miezi ya mwanzo.

Mwaka 2020 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walipata Nobel ya Kemia kwa CRISPR, mbinu ya kukata DNA mahali palipokusudiwa. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya kwanza ya CRISPR, iitwayo Casgevy, kwa selimundu na talasemia. Haisahihishi ile herufi T. Seli za uboho hutolewa, huzimwa swichi inayozuia hemoglobini ya kichanga, kisha hurudishwa baada ya mgonjwa kupewa dawa kali za kusafisha uboho wa zamani. Gharama yake ni kubwa mno, na mgonjwa hukaa hospitalini kwa wiki kadhaa. Mwaka 2025 madaktari wa Philadelphia walieleza jinsi walivyosahihisha herufi ndani ya ini la mtoto mchanga kwa dawa iliyotengenezwa kwa ajili yake peke yake. Mambo yanakwenda kasi, ila jihadhari na anayekuuzia dawa ya mitishamba au virutubisho vya "kusafisha jeni". Hakuna kitu kama hicho.

Nani apime, na lini?

Wachumba wanaotoka jamii zenye selimundu au talasemia wapime aina ya hemoglobini kabla ya kuzaa. Ni kipimo rahisi cha damu. Wote wakiwa AS, majibu hayo si hukumu ya kuachana. Ni taarifa ya kuwawezesha kuamua, na kuhakikisha mtoto anapimwa mara anapozaliwa. Mwenye ndugu kadhaa wa upande mmoja waliopata saratani ya matiti, ovari au utumbo mpana, hasa kabla ya miaka 50, azungumze na daktari kuhusu kipimo cha jeni. Ikiwezekana, ndugu aliyeugua ndiye apimwe kwanza, maana likijulikana badiliko lake, wengine hupimwa hilohilo tu. Wazazi waliopata mtoto mwenye hali isiyoeleweka waombe kuonana na mtaalamu wa jenetiki kabla ya mimba nyingine, waende wote wawili.

Jiandae na jibu la tatu, mbali na "lipo" na "halipo". Maabara inaweza kusema imeona badiliko ambalo maana yake bado haijafahamika. Hilo halikufanyi kuwa mgonjwa, na halipaswi kuwa sababu ya kufanyiwa upasuaji. Omba nakala ya majibu, itunze, na muulize daktari ni baada ya muda gani yapitiwe tena, kwa sababu maabara hurekebisha tafsiri zake kadiri wagonjwa wengi zaidi wanavyopimwa.